Jirani wa Kwanza

Kengele ililia mara tisa nikiwa nakamua.
Saba ni mwanamke. Tisa ni mwanamume.
Nilihesabu, chuchu ya ng'ombe kiganjani,
na mwanamume wa kufa bonde hili
alikuwa mmoja tu, Beñat wa Harizpe,
ambaye sikumpa salamu miaka kumi na mmoja.

Huku hatuitwi kwa baba. Tunaitwa kwa nyumba.
Nyumba ndiyo yenye jina; sisi tunapita ndani yake
kama moshi, kila mmoja akiongeza weusi kidogo kwenye boriti.
Yeye wa Harizpe, mimi wa Iturralde,
na kati yetu jiwe la mpaka
lililoota miguu usiku mmoja wa Machi
likasogea shubiri tatu ndani ya konde langu la nyasi.
Alisema ni theluji.
Nikamwambia theluji haina mabega.
Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mwisho.

Lakini mtu akishuka toka kwake kwenda kanisani
nyumba yangu ndiyo ya kwanza,
na nyumba ya kwanza ina kazi zake.
Hazikuandikwa. Hazisameheki.

Nikavua aproni, nikapanda.
Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, mtindi kwenye bakuli,
mlimani kangaga zimeshika kutu,
na kondoo wake, wasiojua, wakishuka wenyewe
huku njuga zao zikigombana.
Aliyemkuta ni mnunuzi wa jibini.
Alikuwa amekaa kizingitini, kofia magotini,
akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa.
Juu ya mlango, ua kavu la mbaruti, lile la kuzuia pepo wa usiku:
hulazimika kuhesabu miiba yake yote mpaka kukuche.
Kifo hakijui kuhesabu. Kilipita.

Kigae kwanza.
Niliegemeza ngazi, nikang'oa kimoja juu ya kitanda chake
ili roho ipate pa kutokea.
Mwanga ukamwangukia kidevuni. Ndevu za siku nne,
maskini, na yeye mtu wa wembe kila Jumamosi.
Kisha ng'ombe. Nikawainua wote watatu;
bwana akitoka, mifugo hailali.
Yule mwekundu alikataa. Nilimpiga goti ubavuni,
nikamwomba radhi, nikampiga tena.

Nyuki ndio waliobaki.
Mizinga sita chini ya mtufaha, matunda yakioza nyasini,
harufu ya mvinyo ambao hakuna atakayeukamua mwaka huu.
Unagonga kwa kifundo cha kidole, polepole,
unasema: Bwana wenu amekufa.
Fanyeni nta, anahitaji mwanga njiani.
Bwana wenu mpya ni

na hapo nikakwama.
Eñaut, mwanawe, alikwenda Nevada kuchunga kondoo wa watu
akiwa na miaka kumi na tisa;
barua yake ya mwisho ilikuwa picha ya gari.
Graxi yuko Bilbao, anauza miwani,
ana mzio wa nyuki.
Nitaje nani? Nyuki hudanganywa mara moja tu,
kisha huhama.
Nao walinyamaza, naapa, mizinga yote sita,
wakingoja jina kama watoto darasani.

Nikasema: Bado halijaja.
Mpaka hapo, kuna mimi. Wa Iturralde. Mnanijua,
mmekula maua yangu miaka yote hii.

Na kwa kuwa walikuwa wakisikiliza
na hapakuwa na mtu mwingine,
nikaongeza, karibu kabisa na ubao:
lile jiwe. Labda ilikuwa theluji.

Theluji haina mabega, najua.
Wakaanza tena kuvuma. Nta ilihitajika.